Nyekundu Isiyopauka

Kiwandani walimwita Mama Nyekundu, na mgeni aliyelisikia jina hilo mara ya kwanza alidhani ana binti anayeitwa hivyo. Hakuwa na binti wala mwana. Alikuwa na rangi. Tangu alipoajiriwa, msichana mwembamba mwenye shahada ya kemia na viatu vya kuazima, alikuwa akitafuta kitu kimoja tu: rangi nyekundu ambayo jua haliiwezi.

Asiyefanya kazi ya rangi hawezi kuijua taabu hiyo. Bluu huvumilia, kijani hujikaza, nyeusi haina habari na mtu. Nyekundu ndiyo ya kwanza kufa juani. Paka geti lako jekundu leo, halafu uje ulitazame baada ya misimu michache: limekuwa la waridi kama ufizi wa mtoto. Vibao vya barabarani ndivyo vibaya zaidi. Mchoro mweusi unabaki palepale, neno HATARI lililoandikwa kwa nyekundu linafutika, na mtu anapita kwa raha zake.

Basi Mama Nyekundu alikuwa amelijaza paa la kiwanda vipande vya bati, kila kimoja kimepakwa mchanganyiko wake, nusu kimefunikwa na nusu kimeachiwa jua. Kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa koti la maabara, alipanda ngazi ya chuma kwenda kuvitazama, kama mtu anayekwenda kuangalia mifugo yake imeamkaje. Kilichopauka alikishusha, akarudi mezani, akabadilisha unga wa rangi kidogo, mafuta kidogo, akaanza upya. Wenzake walioa, waliolewa, waliachika, walistaafu. Yeye alikuwa juu ya paa. Na alikuwa amekaribia. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye. Vile vipande vya karibuni vilikuwa vinakaa juani muda mrefu mpaka meneja mwenyewe akapanda kuvishangaa.

Hapo ndipo mdogo wake wa kiume alipooa. Mke alikuwa amesomea mambo ya kompyuta, binti mchangamfu, mwenye kicheko cha kuwafanya watu wageuke kutafuta kilipotokea. Kazi hakuwa nayo. Mdogo mtu akamjia dada yake kwa unyenyekevu wa mtu mwenye shida.

"Dada, pale kazini wewe unasikilizwa. Mtafutie wifi yako hata kakiti ka kukalia."

"Rangi anaijua?"

"Anajua kujipaka ya mdomo."

Walicheka. Na Mama Nyekundu, aliyempenda mdogo wake kuliko alivyopenda kulisema jambo hilo, akamsemea yule binti kwa meneja. Ikatokea kwamba makao makuu walikuwa wanaleta mtambo mpya wa akili bandia, na palitakiwa mtu wa kukaa nao. Siku ya kwanza Mama Nyekundu mwenyewe alimshika wifi yake mkono, akampitisha getini, akamtambulisha idara kwa idara. Miezi ile iliyofuata aliukumbuka mkono ule mara nyingi, akasema moyoni: kikulacho ki nguoni mwako, na nguo nimeivaa mwenyewe.

Mtambo uliwekwa katika chumba kilichopakana na maabara, chumba baridi chenye kabati nyeusi zinazonguruma. Wafanyakazi waliupa jina papo hapo: Mgeni. Mzee wa mapipa, aliyekuwa akikoroga rangi tangu kiwanda kina paa la makuti, ndiye aliyeanzisha mzaha. "Mgeni siku mbili," alisema, "siku ya tatu mpe jembe." Watu wakaangua kicheko. Lakini huyu hakungoja kupewa. Alilichukua jembe mwenyewe siku alipoingia.

Mwanzoni alitaka kujua tu. Mchana kwa mchana wifi alivuta kiti karibu na meza ya Mama Nyekundu, kompyuta mapajani.

"Wifi, na huu mchanganyiko wa rangi ya matofali uliharibikia wapi?"

"Huo ulipasuka. Mafuta yalikuwa mepesi, unga ukakosa pa kujishika."

"Na huu?"

"Huo ulikuwa mzuri. Ulinidanganya mwaka mzima, halafu ukaniacha."

Wifi alicheka, akachapa. Mama Nyekundu alipenda kuulizwa. Ni nani aliyewahi kumuuliza habari za makosa yake? Alimwaga yote: yaliyofaulu nusu, yaliyokufa wiki ya kwanza, hata yale aliyokuwa akiyaonea aibu. Hakujua kwamba alikuwa akifundisha. Alidhani anapiga soga na mke wa mdogo wake.

Msimu haujageuka, Mgeni alitoa orodha fupi ya michanganyiko. Mama Nyekundu aliisoma kwa dharau iliyoanza kumtoka kabla hajafika mwisho. Mingine ilikuwa upuuzi. Mmoja ulikuwa ule ambao yeye angeufikia labda baada ya miaka mitatu, akijaliwa uhai. Aliutambua mara moja, kama unavyomtambua mtoto wa nduguyo barabarani, ingawa hujawahi kumwona.

Waliukoroga, wakaupaka kwenye bati, wakautia katika kabati la taa, lile linaloipa rangi kwa wiki chache jua la miaka. Ulitoka ulivyoingia. Meneja alishuka ngazi mbilimbili.

"Bi mkubwa! Wifi yako ni moto wa kuotea mbali! Mwaka haujaisha!"

"Ndiyo," alisema Mama Nyekundu. "Ni hodari."

Wifi alijaribu kusema. "Bosi, bila wifi hapa Mgeni asingekuwa na pa kuanzia, yeye ndiye..." Lakini meneja alikuwa ameshaishika simu, anawapigia makao makuu.

Jumapili walikula kwa mama yao. Mama alikuwa amekwisha kupata habari kutoka kwa mwanawe, akaziongeza chumvi kwa mkono wa ukarimu. Alimpakulia mkwe wake kwanza. "Huyu mtoto ana kichwa," akasema, "amekuja juzi tu." Kisha akamgeukia binti yake, bila ubaya wowote, na hapo ndipo palipouma: bila ubaya wowote. "Na wewe mwanangu, si ulikuwa unatuambia rangi hiyo ni ngumu?"

Mama Nyekundu alimeza tonge bila kulitafuna. Wifi aliinamisha macho kwenye sahani. Hata hilo lilimkera: kwamba yule binti alikuwa na haya. Laiti angejigamba, ingekuwa rahisi kumchukia.

Tangu siku hiyo kijiba cha roho kikamkaa kifuani. Alihesabu nani anamsalimia nani kwanza. Alipokisikia kile kicheko koridoni alifunga mlango. Wifi alipokata nywele, Mama Nyekundu aliona zimempendeza, akakosa raha mpaka jioni. Usiniulize nywele zinahusiana nini na rangi ya mafuta. Wivu ukishaingia ndani haukai chumba kimoja.

Naye Mgeni hakusimama. Alikuwa sasa ameunganishwa na mikono ya chuma inayopima na kukoroga, na kazi ya Mama Nyekundu ilibaki moja: kuvitoa vipande katika kabati la taa, kuvipima kwa kifaa chake, na kuingiza tarakimu kwenye kompyuta. Siku moja kimoja kilitoka, chekundu cha kutisha kuliko hata kile cha kwanza, kizito kama damu ya mzee lakini chenye uhai ndani. Alikipima. Hakikuwa kimepoteza chochote. Alikipima tena. Alikuwa ameitafuta rangi hii ujana wake wote, na sasa ilikuwa mkononi mwake, na haikuwa yake.

Maabara ilikuwa tupu. Wenzake walikuwa wamekwenda chakula cha mchana. Akaandika tarakimu za rangi iliyopauka vibaya. Akakitupa kipande kwenye pipa la taka, akafunika kwa matambara yaliyolowa thina ya kuzimulia rangi. Alifanya yote bila haraka, kama kazi ya kila siku. Utulivu huo ndio uliomtisha baadaye.

Alingoja aone itakuwaje. Alidhani Mgeni atapotea njia, atarudi nyuma, na siku moja yeye, Mama Nyekundu, ataukoroga mchanganyiko ule mwenyewe kwenye meza yake na kuupandisha juu ya paa. Haikuwa hivyo. Kesho yake mikono ya chuma ilikoroga upya rangi ileile. Na kwenye kioo cha kompyuta, katikati ya taarifa nyingine, palikuwa na mstari mmoja: *Kipimo cha jana hakiafikiani na vingine. Kimeachwa.* Basi. Hakuna lawama, hakuna swali. Wiki ile fundi alikuja kufunga macho ya kamera ndani ya kabati la taa ili Mgeni apime mwenyewe. Kazi ya mwisho iliyokuwa imemshikia kiti ilikuwa imekwenda, na aliyeisukuma mlangoni ni yeye.

Wifi alimfuata juu ya paa. Upepo ulikuwa unagongagonga mabati. Alisimama mbali kidogo, kama mtu anayemkaribia ng'ombe asiyemjua.

"Wifi, kile kipande."

"Kipande gani?"

"Nimekiona kwenye taka."

Mama Nyekundu aliinama akaanza kunyoosha kipande kilichokuwa kimenyooka.

"Meneja aliuliza," wifi akasema. "Nimemwambia taa moja ya kabati ilikuwa imezidi ukali. Amekubali. Yamekwisha."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Basi usinifanyie hisani. Ungesema tu! Ungewaambia, huyu mwanamke ana roho mbaya, mfukuzeni. Ningekushukuru zaidi."

"Wifi..."

"Nimekuleta mimi hapa. Kwa mkono huu."

Wifi alishuka ngazi taratibu, akishikilia chuma kwa mikono miwili. Mama Nyekundu alibaki kati ya nyekundu zake zote, zilizopauka na zinazopauka, na hasira yake. Kusamehewa na mtu unayemwonea wivu ni kulishwa kwa kijiko chake. Alikaa wiki nzima bila kumsalimia, na nyumbani akasingizia mafua ili asiende kula kwa mama.

Kumbe wakati huo wifi alikuwa na lake. Makao makuu walikuwa wamemruhusu Mgeni ajitengeneze upya. Maana yake, Mgeni alimwandika Mgeni mwingine, mwenye akili zaidi, naye akakaa mahali pake. Na yule, kabla kiti hakijapata joto, akamwandika mwingine. Wa kwanza alichukua miezi. Wa baadaye walichukua siku. Mzee wa mapipa aliwatuliza vijana wake, "Msiogope. Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Lakini alilisema huku anakitazama kile chumba baridi, na siku iliyofuata mwenyewe akaongeza, "Isipokuwa huyu akifika ukingoni atapanda ukuta."

Ile nyekundu, nyekundu ya maisha ya mtu mzima, iliuzwa kwa msimu mmoja tu. Mgeni aliipata iliyo bora zaidi, kisha nyingine iliyoifanya hiyo ionekane mzaha. Akaacha nyekundu akaenda kwenye rangi zinazojiziba mikwaruzo, kisha kwenye vitu ambavyo meneja hakujua avipe jina gani katika orodha ya bei. Taarifa zake, zilizokuwa kurasa kwa kurasa, zilifupika. Wifi alimwomba aeleze; alieleza vizuri, kwa subira, kama mwalimu wa chekechea. Mwezi uliofuata maelezo yaleyale yalihitaji maelezo. Halafu barua ikaja kutoka makao makuu, ya adabu nyingi, kwamba Mgeni hahitaji tena mtu wa kukaa naye.

Mama Nyekundu alizipata habari hizo kwa meneja, ambaye siku hizi naye alikuwa akizurura koridoni na kikombe mkononi. Na lazima isemwe: alifurahi. Furaha ilimpanda kutoka tumboni, ya moto, ya aibu, akatembea nayo mpaka stoo ya unga wa rangi kuchukua kitu ambacho hakukihitaji. Humo ndimo alimomkuta wifi yake, amekaa juu ya gunia, magoti yameshika vumbi jekundu, analia bila sauti.

Alitaka kurudi. Mlango ulikuwa umeshalia.

"Pole," akasema, kwa sababu ndilo neno lililokuwepo.

"Sililii kazi." Wifi alijifuta, na vumbi likambaki shavuni. "Kazi nitapata nyingine, au sitapata. Wifi, nikuambie kitu, usikasirike? Nakuonea wivu."

Mama Nyekundu alidhani anakejeliwa. "Wewe? Mimi?"

"Toka siku ya kwanza. Ulipokuwa unanieleza ule mchanganyiko uliokudanganya mwaka mzima. Uso wako ulikuwa unang'aa. Mimi nimekaa na Mgeni, nimesifiwa mpaka mama ananipakulia kwanza, na sijatafuta kitu hata siku moja. Niliuliza, nikajibiwa. Sijawahi kukosea kwa namna ya maana. Wewe umeitafuta hiyo rangi ujana wako wote. Mimi nitatafuta nini? Chochote nitakachoanza leo, yeye kesho asubuhi amekimaliza na ameshakisahau."

Mngurumo wa Mgeni ulikuwa ukipenya ukutani. Mama Nyekundu aliitafuta furaha yake ya koridoni, asiikute. Kitu kingine kilikuwa kimekaa hapo, na hakukipenda zaidi. Siku zote alikuwa amemwonea kijicho binti huyu, akidhani amebeba kitu chake. Kumbe mikono ya binti ilikuwa mitupu. Mwenye kitu alikuwa upande wa pili wa ukuta, na huyo angemwoneaje wivu? Hana nywele za kukata. Hana mama wa kumpakulia. Unaweza kumwonea wivu jirani aliyepata mvua. Mvua yenyewe utaionea wivu wapi? Alijaribu. Usiku kadhaa alikuwa amejaribu kumchukia Mgeni, na chuki ilikuwa inateleza kama rangi juu ya bati lenye mafuta.

"Una vumbi shavuni," akasema mwishowe. Akamfuta kwa kona ya koti lake, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Wiki ya mwisho ya mkataba wa wifi, walipokuwa wanahamisha meza za maabara ili kabati zaidi za Mgeni zipate nafasi, Mama Nyekundu alisimamisha kazi ya wapagazi.

"Meza hii iacheni mpaka jioni." Akamtupia wifi yake koti. "Vaa. Umeishi na rangi mwaka mzima na hujawahi kuishika."

"Ya nini sasa? Tayari ziko bora..."

"Nimekuuliza ziko ngapi? Vaa."

Alimpa bamba la kioo, kisu bapa cha kusagia, unga na mafuta. Akamwonyesha namna ya kuuvuta unga ndani ya mafuta kidogo kidogo, kuusaga kwa kuzungusha mkono, kuusikiliza. Ndiyo, kuusikiliza: unga usiolainika hukwaruza kama mchanga kwenye meno. Akamwekea kipande cha zamani cha bati mbele yake, akamwambia aifikie rangi ile kwa macho tu, bila kifaa.

Wifi alimwaga mafuta mengi mno. Mama Nyekundu akacheka. Wifi akaweka unga mwingi mno, uso ukiwa umekunjamana, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Akaongeza punje za nyeusi. Akasita, akaongeza njano kidogo, kitu ambacho hakuwa amefundishwa, akasaga, akasaga, akachota kwa ncha ya kisu na kupaka mstari kando ya rangi ya zamani.

Mama Nyekundu aliinama kutazama mahali zinapokutana. Akakipeleka kipande dirishani. Akakigeuza kwenye mwanga. Mpaka wa rangi mbili haukuonekana.

"Njano umeitoa wapi?"

"Sijui. Ile ya zamani ilikuwa kama ina joto ndani. Nimekosea?"

Yeye mwenyewe, mwaka ule wa viatu vya kuazima, alihitaji mwezi mzima na machozi kufika pale. Na huyu, mchana mmoja, anacheka na wapagazi, ana jicho ambalo yeye hakuzaliwa nalo. Mama Nyekundu akasikia moyo unamchoma, mchomo mkali, wivu wa mtu kwa mtu. Alisimama dirishani amekishika kipande, na karibu atabasamu.

"Lete hicho kisu," akasema. "Nikuonyeshe kitu ambacho hutaweza."

"Jaribu uone," akasema wifi, akavuta kiti karibu.

Wapagazi walichungulia mlangoni kuuliza kama sasa wanaweza kuibeba meza. Wote wawili, bila kugeuka, wakawaambia bado.